Mto Uliojaa Bila ya Mvua: Milima ya Mau Kutoka Upande wa Pap Onditi

Ndugu zetu wasomaji, tulipofika Pap Onditi hatukwenda kwa ajili ya milima. Tulialikwa katika nikahi moja upande wa Nyakach, katika Kaunti ya Kisumu, na baada ya swala ya laasiri mwenyeji wetu akatuongoza kwa miguu kwenda kuwaamkia wazee wa nyumba ya pili. Njiani pana kijito. Jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe, na maji hayakupita kifundo cha mguu. Tulikuwa tumekwisha kuvua viatu pale mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe alipotupungia fimbo yake kwa mbali.

"Shehe, ngojeni kwanza," akasema. "Juu kumenyesha."

Tulitazama juu tusione tone. Yeye alikuwa akitazama mashariki, ambako vilima vilikuwa vimevaa wingu jeusi mfano wa buibui. Akaichomeka fimbo yake ukingoni mwa maji, akakaa. Haukupita muda ila tulisikia mshindo, na kijito kile kikaja kimevimba, kimebeba matawi na povu, rangi yake kama ya chai iliyotiwa maziwa. Lau tungelikuwa katikati, nikahi ingeligeuka matanga.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza na kusoma mintarafu ya milima ile, na tumeona si haki faida hiyo ibaki kwetu peke yetu.

Kwanza jina. Katika lugha ya Kijaluo, "pap" ni uwanda, mahali palipo wazi. Na kweli ndivyo palivyo. Pap Onditi imekaa katika nchi tambarare inayoungana na uwanda wa Kano, na uwanda huo umebanwa pande mbili: kaskazini ni ukuta wa milima ya Nandi, kusini ni mwinuko wa Nyabondo, ambako watu wafyatua matofali mpaka mashimo yake yamekuwa madimbwi ya mbu. Magharibi ni Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Mashariki ardhi yapanda ngazi kwa ngazi hadi Kericho, Tinderet, Londiani, na hatimaye Mau yenyewe. Uso wa Ziwa u katika mita takriban 1,134 juu ya bahari. Vilele vya Mau vyapita mita 3,000. Kwa hiyo tone liangukalo kule lina karibu mita 2,000 za kuteremka kabla ya kutulia ziwani.

Kuta hizo mbili hazikujengwa kwa bahati. Bonde Kuu la Ufa, lile ambalo msafiri wa Nairobi huliona akiteremka kwenda Naivasha, lina tawi lake linaloelekea magharibi mpaka ziwani. Ardhi ilipasuka, kipande cha katikati kikazama, kando zikabaki zimesimama. Uwanda wa Kano ni sakafu ya ufa huo, nayo imejazwa kwa mchanga na tope la mito tangu zama. Kwenye kichwa cha tawi hilo volkano zilifoka. Tinderet ni moja ya volkano hizo, nayo imezimika zamani sana. Nyanda za juu za Kericho nazo zimekaa juu ya lava iliyomwagika ikapoa, ikaoza pole pole, ikawa udongo mwekundu unaopendwa na majani ya chai.

Katika majivu ya volkano hizo, pale Koru na Songhor, wataalamu wamechimbua mifupa ya wanyama ambayo waikadiria kuwa na miaka karibu milioni 20. Hesabu ya miaka twawaachia wenyewe. Kilichotugusa sisi ni kitu kidogo zaidi: pamoja na mifupa yamekutwa makoa ya konokono wa nchi kavu, na miongoni mwao mna wa jamii zile zisizoishi ila chini ya kivuli cha miti. Yaani msitu katika pande hizi ni mwenyeji wa kale. Shamba ndilo lililokuja juzi.

Ama hali ya hewa, sisi watu wa pwani tutaifahamu upesi, kwani Ziwa lina mwenendo wa bahari. Mchana nchi kavu hupata joto na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea juu. Usiku mambo hugeuka, ukavuma umande kutoka nchi kavu kwenda majini. Upepo wa mchana hubeba unyevu wa Ziwa, hupanda nao kwenye miteremko ya Nandi na Kericho, na huko hukutana na pepo zinazotoka mashariki, zile zilizopita kwetu kwanza. Hewa ikibanwa hivyo haina pa kwenda ila juu. Hupoa, na mvua hushuka wakati wa alasiri. Hii ndiyo sababu ya mzee wetu kutazama mashariki saa kumi jioni. Hakuwa akibashiri, alikuwa akijua saa. Kisha usiku zamu ya mvua huwa ya Ziwa, na mvuvi ndiye ailipiaye kwa radi na mawimbi.

Kericho hupata mvua ya takriban milimita 1,800 hadi 2,000 kwa mwaka, iliyotawanyika karibu miezi yote. Nchi hiyo yatajwa duniani pia kwa mvua ya mawe, ambayo huchana majani ya chai katika robo saa yakawa kama yaliyopigwa shoka. Chini Nyakach mvua ni pungufu na haina ahadi. Udongo wake mweusi hupasuka wakati wa kiangazi hata mguu wa ng'ombe ukazama, na masika hunata kama ulimbo. Kwa hivyo Pap Onditi yaweza kuwa na kiu na kufurika katika wiki moja.

Baina ya mvua ya juu na mtu wa chini umesimama msitu. Msitu wa Mau, kwa ukubwa wake wa takriban hekta 400,000 ulivyohesabiwa kwa jumla ya sehemu zake, ndio mkubwa wa aina yake katika Afrika Mashariki. Mna podo na mtarakwa, mna mizeituni ya mwitu, na huko juu kwenye baridi mna mianzi iliyosongamana hata mwanga wa mchana ukawa wa kijani. Mbega weupe kwa weusi huruka vileleni. Wapo ndovu wa msituni upande wa kusini-magharibi, na yupo bongo, yule paa mkubwa mwenye mistari, ambaye wengi wa waishio kandokando hawajapata kumwona maishani. Ndani yake wameishi Waogiek, watu wa asali na mawindo, ambao kwao kila bonde lina ukoo wake na kila ukoo una mizinga yake.

Kazi ya msitu juu ya maji si muujiza. Majani huvunja kasi ya tone. Takataka zilizooza chini hulinyonya. Mizizi hulifungulia njia likashuka ndani ya lava iliyopasuka. Na baada ya wiki au miezi hutoka kama chemchemi. Ukate miti, tone lile lile hupiga udongo mtupu na kukimbia juu juu, likiuchukua udongo pamoja nalo. Mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni muda wa safari yake.

Kutoka huko huteremka Nyando, inayokusanya maji ya Londiani, Tinderet na Nandi, na Sondu, itokayo Mau ya kusini-magharibi na kuitwa Miriu ikikaribia ziwani. Mto Sondu umechimbiwa handaki la kilomita zaidi ya 6 ndani ya ardhi ya Nyakach, na maji yake huzungusha mitambo ya megawati 60, kisha hutumika tena katika kituo cha Sang'oro cha megawati 21. Kituo hicho hakina ziwa kubwa la akiba nyuma yake kama mabwawa ya Mto Tana. Hutegemea mto ulivyoamka siku hiyo. Mto ukikonda, taa ndizo za kwanza kujua.

Hapa twapenda kuwa waadilifu, kwani katika jambo hili watu hupenda kusema zaidi ya yaliyopo. Si kila gharika ya Kano yatokana na miti ya Mau kukatwa. Mei 2020 Ziwa lilipanda likapita hata kiwango cha 1964 kilichokuwa kikitajwa kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya maji ya Ziwa huanguka juu ya Ziwa lenyewe kama mvua. Msitu wowote usingaliyazuia. Wala makorongo ya Katuk Odeyo, hapo hapo Nyakach, yaliyokula mashamba na malisho kwa kina kinachomzidi mtu mara kadhaa, hayakuchimbwa na mito ya Mau peke yake. Yamechimbwa na vijito kama kile chetu, vitokavyo kwenye mabega ya karibu ya Kericho yaliyovuliwa nguo, vikapita juu ya udongo dhaifu uliokanyagwa na mifugo mingi. Mau ni jina kubwa, na jina kubwa huwa mahali pazuri pa kuficha makosa madogo ya jirani.

Lakini makosa ya Mau nayo hayakuwa madogo. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, ikiwachukua pia watu wa pwani na Wahindi waliojenga jamii za Kiislamu za Ziwa, ilipasua katikati ya milima hii, na magari yake ya awali yalikula kuni. Katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaanza kupanda Kericho kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Kisha, tukiwa huru, serikali ikaondoa mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 katika hifadhi ya Mau na kuzigawa. Maskini wasio na ardhi walipata. Na walipata pia wenye vyeo ambao hawakuwa na shida ya ardhi.

Kikosi kazi kilichoteuliwa 2008 kilipotoa ripoti 2009, kikataka msitu urudishwe, na mwisho wa mwaka huo maelfu wakatolewa Mau ya kusini-magharibi. Walioanza kutolewa ni wale wasio na hati. Wakakaa kambini kandokando ya msitu katika baridi ile, na watoto wao. Waogiek nao walikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, ikawapa haki Mei 2017, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi yao ya asili.

Katika fiqhi yetu lipo jambo liitwalo hima: ardhi ya malisho au miti inayozuiwa na kiongozi kwa maslahi ya umma. Mtume, rehma na amani zimshukie, aliiweka hima ya Naqi'i karibu na Madina. Sayyidna Umar, radhi za Allah zimshukie, alipomweka mtumishi wake Hunayy juu ya hima, alimwagiza amruhusu kuingia mwenye kondoo na ngamia wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri, akiwataja wawili miongoni mwa maswahaba wakubwa. Tajiri mifugo yake ikifa ana mitende na mashamba ya kurejea. Maskini ikifa yake atakuja na wanawe mlangoni kwa Khalifa. Hakuifuta hima. Alichagua tu mlango ufungwe kwanza mbele ya nani. Mau mlango ulifungwa kinyume.

Huenda msomaji wa Mombasa akasema: hayo ni ya Wabara. Basi na afungue mfereji wake. Sehemu kubwa ya maji ya mji wetu yatoka chemchemi za Mzima, na Mzima hunywa mvua na ukungu wa vilima vya Chyulu, milima ya volkano kama hiyo ya Tinderet ila changa zaidi, ambako maji huzama katika lava na kuibukia mbali. Mengine yatoka Marere, chini ya msitu wa Shimba Hills. Wangapi kati yetu wamepata kuuliza ni nani anayekata miti Chyulu?

Tulikaa na mzee yule mpaka karibu na magharibi. Maji yalipoiacha fimbo yake kwa kiasi cha shibiri mbili, akainuka, akatangulia yeye, nasi tukamfuata tumeshikana mikono, kanzu tumezipandisha hadi magotini. Hata hivyo zilirowa. Tulipofika ng'ambo mwenyeji wetu akainama kutazama tope lililoshika kwenye pindo. Lilikuwa jekundu, na ardhi yote tuliyosimama juu yake ni nyeusi.

"Hili si la kwetu," akasema. "Hili ni shamba la mtu."

Tuliifua kanzu ile mara tatu baada ya kurudi. Wekundu ungalipo.