Mwinyi na Mahabuba: Maisha ya Hermann von Pückler-Muskau na Uteuzi wa Maneno katika Wasifu



Mhadhara huu unahusu maisha ya Mjerumani mmoja, Hermann von Pückler-Muskau, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1785 na kufariki tarehe 4 Februari 1871. Alikuwa askari wa farasi, mwandishi wa safari na mtengenezaji mashuhuri wa bustani. Sikusudii kumsifu wala kumshutumu. Nakusudia kuonyesha kwamba anayeandika wasifu wake kwa Kiswahili hukabiliwa na uteuzi wa maneno machache, na kwamba uteuzi huo ndio unaoamua nani ataonekana katika wasifu na nani atafichika.

Tuanze na cheo chake. Wajerumani humwita Fürst, na ni rahisi kulitafsiri neno hilo kuwa “mwanamfalme”. Lakini baba yake hakuwa mfalme. Pückler alizaliwa katika kasri la Muskau, eneo la Lusatia, lililokuwa wakati huo chini ya mtawala wa Saxony. Cheo cha Fürst alitunukiwa na mfalme wa Prussia mwaka 1822, akiwa mtu mzima. Ukubwa wake ulitokana na ardhi aliyoirithi baba yake alipofariki mwaka 1811, pamoja na vijiji vilivyokuwamo. Kiswahili kina neno mwinyi, lenye kubeba umiliki na heshima ya kuzaliwa nayo kwa pamoja. Kwa maoni yangu, hilo ndilo linalomfaa.

Akiwa kijana, mwinyi huyu alianza kusoma sheria mjini Leipzig, akaacha, akajiunga na kikosi cha walinzi wapanda farasi cha Saxony mjini Dresden. Katika vita vya 1813 dhidi ya Napoleon alikuwa afisa upande wa Urusi na washirika wake, na kwa muda aliwekwa kuwa gavana wa kijeshi wa mji wa Bruges. Vita vilipokwisha, mkutano wa Vienna wa mwaka 1815 uliihamishia Muskau kwa Prussia. Hivyo Pückler alibadilishiwa mfalme bila ya kuhama nyumba.

Mwaka huohuo alianza kazi iliyompatia sifa ya kudumu: bustani kubwa kandokando ya mto Neisse. Maziwa yalichimbwa, miti mikubwa ikahamishwa, njia zikapindwa ili kila hatua imfunulie mtembezi sura mpya ya nchi. Gharama zilimzidi. Mwaka 1817 alikuwa amemwoa Lucie, binti wa Hardenberg, chansela wa Prussia. Mwaka 1826 wakaachana kwa makubaliano, ili mume aende Uingereza kutafuta mke tajiri atakayelipa madeni. Alirudi mwaka 1829 bila ya mke. Barua alizomwandikia Lucie kutoka huko, hata hivyo, zilichapishwa mwaka 1830 na 1831 bila ya jina la mwandishi, zikasomwa na wengi, zikamwingizia fedha.

Fedha na sifa hizo zilimwezesha kusafiri mbali zaidi. Alipita Algeria, Tunis na Ugiriki; mwaka 1837 akawa mgeni wa Muhammad Ali, mtawala wa Misri, akapanda mto Nile hadi Sudani. Katika safari hiyo alinunua msichana, ambaye bado hakuwa mtu mzima, na ambaye kwa kawaida hutajwa kuwa Mworomo kutoka Ethiopia. Akamwita Machbuba.

Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa jina hilo. Ni mahabuba, yaani mpendwa, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu na kulizoea katika tungo za mapenzi. Kwa sababu hiyo tunapaswa kujihadhari nalo. Jina hilo hutueleza hisia za aliyelitoa. Halitwambii lolote kuhusu aliyepewa. Waandishi wengi wa Ulaya wamelifuata, wakamwita msichana huyo mpenzi wa Pückler, na biashara iliyomfikisha kwake ikawa jambo la pembeni.

Kiswahili kinatunyima maficho hayo. Tunalo neno mjakazi, mwanamke mtumwa, na tunalo neno suria, mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Pwani yetu inayajua maneno haya kwa historia yake yenyewe. Sayyida Salma, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, alizaliwa na suria wa Kicherkasi. Aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akaishi Ujerumani, na kumbukumbu zake zikachapishwa Berlin mwaka 1886. Yeye alijisimulia kwa kalamu yake. Machbuba hakupata nafasi hiyo: alifikishwa Muskau mwaka 1840, akafariki humo kwa kifua kikuu tarehe 27 Oktoba mwaka huohuo.

Neno lipi basi tuanze nalo? Napendekeza mjakazi, kwa kuwa ununuzi ndio msingi wa yote yaliyofuata. Mahabuba lifuate baadaye, likitajwa wazi kuwa ni neno la bwana. Tukiupindua mpangilio huo, tutakuwa tumeandika utenzi wa mapenzi badala ya wasifu.

Pückler aliiuza Muskau mwaka 1845, akahamia Branitz karibu na Cottbus, akaanza bustani nyingine. Humo alijenga piramidi za udongo, kumbukumbu ya safari zake za Misri, na katika mojawapo, iliyozungukwa na maji, akazikwa. Bustani ya Muskau, ambayo leo imegawanywa na mpaka wa Ujerumani na Poland, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004. Kaburi la Machbuba limo katika makaburi ya kanisa ya mji huohuo.

Mwinyi amekwisha kuandikwa na wengi, naye mwenyewe alijiandika. Mwandishi wa Kiswahili atakayeyarejea maisha yake ana deni kwa makaburi yote mawili, na deni hilo hulipwa kwanza kwa kuteua neno la haki.