Madoa ya Kijani Malishoni Huenda Yakawa Maboma ya Kale

Katika picha za setilaiti za nyanda za Kaunti ya Narok huonekana madoa ya nyasi za kijani kibichi, ya mviringo, yenye upana wa takriban mita 100. Kwa mfugaji, hapo ni malisho mazuri tu. Kwa mwanaakiolojia, huenda ni boma la kale.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka wa 2018 ulichunguza maeneo matano ya aina hiyo, yaliyokaliwa na wafugaji kati ya miaka 3,700 na 1,550 iliyopita. Samadi iliyorundikana zizini ilirutubisha udongo, na hadi leo udongo huo una fosforasi, kalsiamu na magnesiamu kuliko wa pembeni. Ndiyo sababu nyasi hunawiri.

Mashambani hali ni hiyo hiyo. Mtaro wa kale uliofukiwa huhifadhi unyevu, na mimea iliyo juu yake hubaki kijani. Penye msingi wa mawe udongo ni haba, na mimea hunyauka mapema. Tofauti hii hujitokeza zaidi wakati wa kiangazi. Aliyesimama shambani huona mabaka tu, lakini kutoka angani mabaka hayo huunda duara au mstari.

Hata hivyo, picha pekee si thibitisho. Boma lililohamwa juzi au kichuguu cha mchwa huweza kuacha alama kama hiyo. Kwa hivyo wataalamu hulinganisha picha za misimu tofauti, hukagua eneo lenyewe wakitafuta vigae, mifupa ya mifugo na vifaa vya mawe, kisha hupima udongo.

Tabaka la kale likiwa karibu na uso wa ardhi, trekta moja inaweza kulivuruga kwa siku moja, na ushahidi huo haurudi tena.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua mahali au kifaa cha kale aarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku 7. Kuchimba maeneo hayo bila leseni ni kosa. Mkaazi anayekuta vigae au mifupa ya kale penye doa kama hilo asichimbe. Apige picha, aandike mahali hasa palipo, kisha atoe taarifa kabla ya kulima.