Adapta Isiyo na Waya katika Kompyuta ya Nyumbani

Yuko mama mmoja, mke wa askari, ambaye mumewe yuko kazini nje ya mipaka. Kila Jumapili jioni watoto wanne walisukumana mbele ya kioo cha simu ili wamwone baba yao. Basi mama akakusanya akiba, akanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika, kamera yake, na adapta ya USB, kijidude kidogo mithili ya ukucha wa kidole gumba, ambacho kazi yake ni kuipokelea kompyuta mawimbi ya waifai yatokayo katika ruta. Akaichomeka, hapakutokea jambo lo lote. Jumapili ikapita bila baba kuonekana katika kioo kikubwa, naye akaamini kwamba ameuziwa kifaa kibovu.

Kifaa kilikuwa kizima. Hapana budi msomaji aelewe ya kuwa adapta na kompyuta haziwezi kuelewana pasipo mkalimani, naye ni programu iitwayo draiva. Kompyuta za siku hizi huja na draiva nyingi ndani yake, lakini si zote. Iwapo haimo, yabidi iletwe kutoka katika intaneti, nayo intaneti ndiyo hiyo inayotafutwa! Dawa yake ni simu. Iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa USB, kisha katika mipangilio ya simu ruhusu mtandao wake utumike kwa njia ya waya huo. Soma namba ya aina iliyoandikwa juu ya adapta, pamoja na ya toleo, kwa kuwa adapta mbili za jina moja huweza kutofautiana ndani. Draiva ichukuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe. Wagawaji wengine wa bure huficha humo programu za wizi.

Draiva ikiisha kuwekwa, majina ya mitandao hutokea. Chagua wako na uandike neno la siri, ukiangalia herufi kubwa na ndogo. Kila kompyuta sharti ipewe namba na ruta, kwa hiyo mpangilio wa anwani uachwe katika hali ya kujipatia yenyewe. Namba ikianza na 169.254, maana yake kompyuta imekosa kupewa, ikajibunia yake. Zima ruta, ngoja kidogo, uiwashe tena.

Mama yetu alifika hapo salama, hata hivyo kurasa zilikataa kufunguka. Sababu ilikuwa tarehe! Betri ndogo ya duara iliyomo ndani ya kompyuta kuukuu ilikuwa imekufa, na kalenda ikarudi nyuma miaka mingi. Tovuti huonyesha hati za utambulisho zenye muda maalumu, na kompyuta yenye tarehe ya uongo huzikataa zote.

Adapta isifichwe nyuma ya kompyuta sakafuni, maana sanduku la chuma huzuia mawimbi, na kuta za mabati vivyo hivyo. Waya mfupi wa kuongezea utaiinua juu ya meza. Mawimbi ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri kuliko yale ya 5 GHz, ambayo ni ya kasi zaidi lakini hayafiki mbali.

Kwa nyumba za askari na polisi liko neno jingine. Jina la mtandao huonekana na kila apitaye njiani. Lisitaje kikosi, cheo wala namba ya nyumba. Ulinzi uwe wa WPA2 au WPA3, wala si WEP ya zamani ambayo huvunjwa kwa dakika chache, na neno la siri lililokuja na ruta libadilishwe siku ile ile.

Betri mpya iliwekwa siku ya Ijumaa. Jumapili baba alipotokea, yule mdogo wa mwisho alikwenda kuchungulia nyuma ya kompyuta.