Saa ya Adhana, Mita ya LUKU na Kipima Maji: Kifaa Kiendeshwe na Mfumo Gani?



Ndugu msomaji, likitajwa neno kompyuta wengi wetu huona meza, kioo na kibodi. Lakini kompyuta zilizo nyingi zaidi duniani hazina kibodi. Zimefichwa ndani ya vitu vingine: mita ya umeme ukutani, king'amuzi cha televisheni, mashine ya EFD inayotoa risiti dukani, na ile saa ya adhana yenye tarakimu nyekundu iliyotundikwa msikitini. Kila kimoja kina chipu, na ndani ya chipu mna programu inayokiongoza. Katika makala haya tutazame swali linalowahusu vijana wetu wanaopenda ufundi wa elektroniki. Nalo ni hili: anayetaka kutengeneza kifaa cha namna hiyo, tena kiwe kinatuma habari kwa mtandao wa simu au intaneti, akichagulie mfumo endeshi gani?

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayosimamia chipu nzima: kazi ipi itangulie, ipi ingoje, kumbukumbu itumiwe na nani, na redio iwashwe lini. Windows ni mfumo endeshi. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni mwingine, na Android iliyomo katika simu nyingi imejengwa juu ya Linux.

Tuanze na saa ya adhana, maana hiyo kila mtu anaifahamu. Kazi yake ni hesabu. Inachukua tarehe, latitudo na longitudo ya mji, inapata nyakati za swala tano, inawasha tarakimu na kupiga mlio. Kazi kama hiyo haihitaji mfumo endeshi kabisa. Programu moja fupi inayozunguka mchana na usiku, ikifanya mambo yale yale kwa mpango, inatosha. Chipu ya Arduino Uno ina kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi na kilobaiti 32 za kuhifadhia programu, na bado inaiweza.

Hapa niseme jambo lililo kando kidogo ya mada. Saa ikikosa mji wa Morogoro katika orodha yake, fundi huweza kuiwekea Dar es Salaam, akiona ni karibu. Dar es Salaam iko mashariki yetu kwa zaidi kidogo ya digrii moja na nusu ya longitudo, na kila digrii moja ni dakika 4. Maana yake jua la Dar es Salaam huzama dakika 6 hivi kabla ya la hapa Mazimbu. Saa hiyo italia Magharibi nasi jua letu bado halijatua, na katika Ramadhani dakika 6 si kitu kidogo. Hakuna mfumo endeshi wa kulirekebisha kosa hilo. Fundi aulizwe ameingiza mji gani.

Sasa tuje kwenye kifaa kinachozungumza na wengine. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika Kilosa, katika mkoa wetu huu, na maelfu ya watu wakahama makwao. Tuseme vijana wetu wanataka kuweka kipima kina cha maji mbali huko juu ya mto, kiwe kinapima kila baada ya dakika 15 na kutuma taarifa kwa ofisi ya kijiji. Mahali hapo hapana umeme wa gridi. Kifaa kitategemea betri, na pengine paneli ndogo ya sola ambayo wakati wa masika, siku zile hasa inapohitajika, hukaa chini ya mawingu.

Kijana akiijua Linux, moyo wake utamvuta kuweka Raspberry Pi, kwa kuwa ni kompyuta kamili na kila programu inapatikana bure. Na tupige hesabu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, kama zile za pikipiki, ina wati-saa 84. Raspberry Pi ikila wati 3, betri hiyo itakwisha kwa saa 28. Mawingu ya siku mbili tu na kifaa kimezima, na mto unapanda. Chukua sasa chipu ndogo inayolala muda mwingi, ikaamka kupima na kutuma, kisha ikalala tena, kwa wastani ikila miliampea 1. Betri ile ile inafika siku 290 kwa hesabu ya karatasi. Hata ukitoa nusu kwa ajili ya joto na uchakavu wa betri, bado masika yote yatapita.

Ndiyo sababu watu wamebuni mifumo endeshi midogo, inayoenea katika makumi ya kilobaiti badala ya mamilioni ya baiti ambayo Linux inayadai. FreeRTOS ilianzishwa na Richard Barry mwaka 2003, na tangu 2017 inasimamiwa na Amazon. Zephyr iko chini ya Linux Foundation tangu 2016. Contiki ilianzishwa na Adam Dunkels huko Sweden, na tawi lake linaloendelea sasa linaitwa Contiki-NG. Yote hii ni bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma.

Contiki imewahi kufanya kazi katika eneo letu hili. Mradi wa WIMEA-ICT, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, ulibuni vituo vya hali ya hewa vya bei nafuu. Vipimo vya upepo, mvua na udongo viliwekwa kwenye vifaa vidogo vyenye redio, vikiendeshwa na Contiki na kutuma vipimo vyao kwenye kifaa kimoja cha kuvikusanya.

Lakini betri si jambo pekee, na kwa maoni yangu si kubwa kuliko yote. Kubwa ni umri. Simu unaibadilisha baada ya miaka michache. Kifaa cha ukutani au cha mtoni hukaa miaka 10, 20, hata 30, na uamuzi uliofanywa siku ya kwanza unakaa nacho.

Mfano tunao majumbani. Kila tokeni ya LUKU ya tarakimu 20 inabeba ndani yake namba ya dakika ilipotolewa, ambayo hadi mwaka 2024 ilihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita inakumbuka namba zilizokwisha kutumika, na kwa hiyo tokeni moja haiingii mara mbili. Waliobuni kanuni hiyo, huko Afrika Kusini, walitenga biti 24 kwa ajili ya namba hiyo. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, yaani miaka isiyofika 32, na mwisho wake ulikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Mita nyingi haziko kwenye mtandao wowote. Haikuwezekana kuzirekebisha kutoka ofisini, na ndiyo maana mwaka 2024 TANESCO iliwapa wateja makundi matatu ya tarakimu 20, wakayabonyeza wenyewe nyumba kwa nyumba, hali iliyokuwa hivyo katika nchi nyingine nyingi zinazotumia mita hizo. Hesabu mpya inaanzia mwaka 2014 na itajaa mwishoni mwa 2045. Mwanafunzi wa darasa la kwanza leo ataishuhudia inshaAllah.

Mtu anaweza kusema, basi tuviunganishe vyote na intaneti tuvirekebishe tukiwa mbali. Ni kweli, ila mlango wa fundi ni mlango wa mwizi pia. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliingia katika kamera na ruta nyingi zenye Linux kwa kujaribu majina na maneno ya siri 60 hivi ya kiwandani, ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Vifaa hivyo vikatumiwa kuzishambulia kampuni za mtandao za Marekani, na pia kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia.

Na mfumo wenyewe unaweza kufa kabla ya kifaa. Toleo la mwisho la Windows CE, mfumo uliotumika sana katika mashine za madukani na viwandani, liliacha kupata marekebisho Oktoba 2023. Mwaka 2024 kampuni ya Arm ilitangaza kwamba Mbed, mfumo wake wa vifaa vidogo, utafikia mwisho Julai 2026. Aliyejenga juu yake hana budi kuhama.

Kwa kipima maji chetu, basi, mimi ningechagua FreeRTOS au Zephyr kwa kile kifaa cha mtoni, na Linux ningeiacha ofisini kwenye umeme, ipokee taarifa na kuzihifadhi. Kabla ya kununua chipu yoyote ningeuliza maswali matatu: je, programu yake inaweza kubadilishwa kwa mbali kwa saini ya siri, je, kila kifaa kitakuwa na neno lake la siri, na je, msimbo wa mfumo uko mikononi mwa wengi au mwa kampuni moja? Android nisingeigusa kwa kazi hii.

Anayetaka kuanza asiogope majina haya. Chipu ya ESP32, wanayoitumia wanafunzi wengi wa ufundi, ina FreeRTOS ndani yake, na aliyewahi kuiandikia programu kwa njia ya Arduino ameshaitumia bila kujua. Aanze na jukumu moja la kupima, aongeze la pili la kutuma, kisha aiache iendeshwe na betri juani kwa wiki moja na kuandika kila siku volti zimeshuka kiasi gani.