Picha ya Thamani Katika Duka la Vitu Vilivyotumika

Katika maduka ya vitu vilivyotumika, na katika minada ya vyombo vya nyumbani, picha za kuchora huwekwa pamoja na vioo, meza na masufuria, na mara nyingi muuzaji hupanga bei kwa kuitazama fremu tu. Kwa hiyo hutokea, ingawa kwa nadra, picha halisi ya msanii mashuhuri ikauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Hutokea pia mnunuzi akalipa bei ya msanii mashuhuri kwa picha ambayo msanii huyo hakuichora. Makala hii inaeleza namna ya kujikinga na hasara hiyo.

Mifano miwili kutoka Marekani

Mwaka 2017, katika jimbo la New Hampshire, mnunuzi mmoja alilipa dola 4 kwa picha aliyoikuta dukani miongoni mwa fremu kuukuu. Mwaka 2023, baada ya mtaalamu kuikagua, ilitambuliwa kuwa kazi ya N. C. Wyeth, mojawapo ya michoro aliyoifanya kwa ajili ya toleo la mwaka 1939 la riwaya ya *Ramona*. Mwaka huohuo ilifikia dola 191,000 mnadani. Hata hivyo, aliyeshinda mnada hakulipa: bei iliyotangazwa si fedha iliyopokelewa.

Huko California, mwanamke mmoja alinunua kwa dola 5 picha ambayo baadaye alielezwa kuwa huenda ilichorwa na Jackson Pollock. Haikuwa na saini wala kumbukumbu za umiliki. Hadi alipofariki mwaka 2019, soko la sanaa halikuwa limeikubali.

Kilichozitenganisha picha hizo mbili ni ushahidi. Ya kwanza iliweza kuunganishwa na kazi inayojulikana ya mchoraji. Ya pili haikuunganishwa na mchoraji wake kwa namna iliyowaridhisha wanunuzi.

Jina moja, maana mbili

Kwa mnunuzi wa Tanzania, tahadhari ya kwanza ni jina "Tingatinga". Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Alichora hasa juu ya hadibodi, kwa rangi ya mafuta. Kwa kuwa alichora kwa miaka michache tu, kazi za mkono wake ni chache.

Baada yake, ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, nao ukapewa jina lake. Leo wachoraji wengi huchora picha za Tingatinga, nao hustahili malipo na heshima kwa kazi yao. Basi muuzaji asemapo "hii ni Tingatinga", amekueleza mtindo; hajakueleza mchoraji. Muulize: "Ni nani aliyeichora, na unajuaje?"

Kagua kabla ya kulipa

1. *Uso wa picha.* Tumia kioo cha kukuzia. Vitone vidogo vya rangi vilivyojipanga sawasawa huonyesha kuwa picha imechapwa kwa mashine. Alama za brashi ni dalili njema, lakini hazitoshi, kwa maana picha iliyochapwa huweza kupakwa vanishi yenye michirizi.

2. *Mgongo wa picha.* Tazama lebo, mihuri, maandishi ya mkono na misumari. Ubao mpya na mweupe nyuma ya picha inayodaiwa kuwa ya mwaka 1970 unahitaji maelezo.

3. *Saini.* Saini ni jambo rahisi kuigiza. Ichukue kama mwanzo wa uchunguzi.

4. *Historia ya umiliki.* Uliza ilitoka nyumba gani, ilinunuliwa lini, na kama ipo barua, risiti au picha ya zamani inayoionyesha ukutani.

Usipopata majibu ya kuridhisha, lipa kiasi ambacho hutajutia endapo picha itabaki kuwa pambo la sebuleni.

Risiti na haki zako

Dai risiti yenye tarehe, jina la muuzaji na maelezo kamili ya picha. Akidai kuwa imechorwa na msanii fulani, ayaandike madai hayo. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kitu kilichouzwa kwa maelezo hupaswa kulingana na maelezo hayo. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Aliyepotoshwa aanze kwa kumwandikia muuzaji, na asiporidhika apeleke malalamiko yake Tume ya Ushindani pamoja na risiti.

Risiti hukulinda pia iwapo picha itadaiwa kuwa ya wizi, kwa kuwa huonyesha uliipata kwa nani. Hata hivyo, haiifanyi mali ya wizi kuwa yako. Kwa kawaida mwenye mali hubaki na haki ya kuidai.

Ukishainunua

Usiisugue, usiipake vanishi, wala usitupe fremu au lebo zake. Usafishaji wa pupa huweza kuondoa rangi na ushahidi kwa pamoja. Ipige picha mbele na nyuma, andika vipimo vyake, kisha tafuta maoni ya wathamini wawili wasio na uhusiano.

Malipo ya mthamini yawe kiasi maalumu mlichokubaliana mapema, si asilimia ya thamani atakayoitaja. Mthamini akisema kuwa picha haina thamani, kisha papo hapo akajitolea kuinunua, usimuuzie kabla ya kusikia maoni ya mwingine.