Maneno Kwanza, Kitabu Baadaye: Rai kwa Walimu wa Historia

Somo la Historia limekuwa, kwa wanafunzi wengi wa shule zetu za sekondari, zigo la tarehe na majina linalobebwa hadi chumba cha mtihani na kutuliwa huko huko. Mwanafunzi hufungua kitabu, akapigia mstari miaka na majina ya watu, kisha akafunga. Ukimwuliza siku ya pili kwa nini jambo fulani lilitokea, hukutajia mwaka lilipotokea. Si kwamba hana akili, wala si kwamba hakusoma. Alisoma, lakini maneno yaliyobeba maana ya somo yalimpita kama upepo.

Katika Kisii na Nyamira tatizo hili lina uzito wa pekee. Mtoto hukulia katika Ekegusii nyumbani, akatumia Kiswahili sokoni na katika gari la abiria, kisha akakuta kitabu cha Historia kimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Kumtaka msomaji wa namna hiyo aingie katika sura nzima bila maandalizi ni sawa na kumtuma mgeni usiku katika vilima vya Manga bila taa.

Ipo njia rahisi, isiyohitaji mashine wala fedha, ambayo mwalimu anaweza kuanza kuitumia kesho asubuhi. Kabla ya kusoma, huandika ubaoni maneno saba au manane kutoka katika sura yenyewe. Baadhi yawe yanajulikana, mengine yajulikane nusu, na moja au mawili yawe mageni kabisa. Wanafunzi, wawili wawili, huyapanga chini ya vichwa vinne: wahusika, chanzo, tukio na matokeo. Kisha hutunga sentensi mbili tatu za kubashiri sura hiyo itasema nini. Ndipo vitabu hufunguliwa, nao husoma ili kuona walipopatia na walipokosea.

Fikra hii si ngeni. Mwaka wa 1960 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, David Ausubel, alieleza kwamba mtu hujifunza jambo jipya vyema zaidi akilipatia mahali pa kushika katika yale anayoyajua tayari. Miaka michache baadaye, Mmarekani mwingine, Russell Stauffer, aliwahimiza walimu wawafunze watoto kubashiri, kusoma, kisha kuthibitisha. Atafutaye jibu la swali lake mwenyewe husoma kwa jicho jingine.

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Sura inahusu upinzani wa Abagusii dhidi ya Waingereza. Mwalimu anaandika: nabii, mkuki, mkuu wa wilaya, kikosi, ng'ombe, kuadhibu, kutuliza. Mwanafunzi mmoja ataweka "ng'ombe" katika chanzo, mwingine katika matokeo, na kila mmoja atatakiwa kutoa sababu. "Nabii" atazua mjadala: ana shughuli gani na mkuu wa wilaya? Wakifungua kitabu watamkuta Moraa, mwanamke aliyewahimiza vijana wapigane. Watamkuta Otenyo, jamaa yake, aliyemchoma mkuki mkuu wa wilaya Northcote mnamo Januari 1908. Northcote alipona, lakini kikosi kilitumwa, nyumba zikachomwa, watu wakauawa na maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa. Darasa lililobishana juu ya neno "ng'ombe" halitasahau jibu lake.

Hata hivyo, faida kubwa zaidi ya zoezi hili imo katika neno la mwisho. Wanafunzi wakiulizwa "kutuliza" ni nini, watasema ni kubembeleza, kama mama anavyomtuliza mtoto anayelia. Wataliweka katika matokeo na kubashiri kwamba hatimaye watu walipatana. Halafu watasoma na kukuta kwamba watawala wa kikoloni waliliita jina hilo tendo la kuchoma vijiji. Winston Churchill mwenyewe, aliyekuwa wakati huo naibu waziri wa makoloni huko London, alishtushwa na taarifa za mauaji hayo ya 1908 na kuyahoji. Mwanafunzi aliyebashiri vibaya hapo amejifunza jambo ambalo hakuna orodha ya tarehe ingemfunza: kwamba neno linaweza kutumwa lifiche damu, na kwamba msomaji wa historia hana budi kuuliza ni nani aliyelichagua.

Zoezi hili pia huifungulia mlango lugha ya nyumbani. Weka katika orodha neno "egesarate". Wengine hawatalijua, wape jioni moja wakawaulize nyanya na babu zao. Watarudi na habari za makambi ambamo vijana waliishi wakilinda ng'ombe dhidi ya wavamizi, makambi ambayo serikali ya kikoloni iliyapiga marufuku baada ya vita hivyo. Mtoto atatambua kwamba historia haikuanzia kitabuni.

Najua yatakayosemwa. Kipindi ni cha dakika 40, darasa limefurika, na silabasi haingoji mtu. Jawabu ni kwamba zoezi hili halihitaji zaidi ya dakika nane au tisa, na huokoa muda ambao mwalimu angeutumia kurudia yaliyosomwa bila kueleweka. Na kwa darasa lililofurika, wawili wawili ni wawili wawili, wawe ishirini au themanini.

Lakini kuna masharti. Mwalimu asitoe maana za maneno mapema, maana atakuwa ameua hamu. Asimcheke aliyekosea, kwani kukosea ndiko kunakomfanya asome. Zaidi ya yote, asiache ubashiri ukaning'inia. Kila kundi lirudi kwenye sentensi zake, lionyeshe mstari wa kitabu unaozithibitisha au kuzikanusha, na lizisahihishe. Kubashiri bila kuthibitisha ni uvumi, na uvumi ndio adui mkubwa wa historia.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu. Kabla ya kusoma sura, pitieni vichwa vyake, chagueni maneno matano, mwandike mnachodhani yatasema, kisha msome. Mitihani itakuja na kwenda. Maishani mtakutana bado na maneno matamu yaliyofunika mambo machungu, katika mikataba, katika hotuba za siasa na katika matangazo ya serikali. Aliyezoea kulipima neno kabla ya kulipokea hatadanganywa kwa urahisi.