Aliyebatizwa ziwani, abatizwe tena? Maji, Jina na imani ya Utatu Mtakatifu

Katika vigango vya Kyela, kuanzia Ipinda hadi Matema, kuna swali ambalo makatekista wamelizoea. Kijana wetu Mkatoliki amepata mchumba. Binti huyo alibatizwa ukubwani katika kanisa jingine, akazamishwa mzimamzima katika Ziwa Nyasa. Je, akitaka kuingia Kanisa Katoliki, abatizwe tena? Swali la pili ni pacha wa hilo. Muumini wetu aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga, kwa maji machache yaliyomiminwa juu ya kichwa, anaambiwa na jirani kwamba ule haukuwa ubatizo, hivyo ateremke ziwani akabatizwe "kwelikweli".

Wengi hudhani kwamba maswali yote mawili yanahusu wingi wa maji. Ndiyo maana mabishano kando ya ziwa letu huishia kwenye kina: magotini, kifuani, au kichwa kizima. Kanisa halipuuzi maji, kwa maana pasipo maji halisi hakuna ubatizo. Lakini mtu anayekuja kwetu haulizwi alizama kiasi gani. Anaulizwa alibatizwa kwa jina la nani, na wale waliombatiza waliamini nini kuhusu jina hilo.

Tumalize kwanza suala la maji, kwa kuwa si gumu. Didake, maandiko ya Kikristo ya kale sana, yanaelekeza kubatiza katika maji yatiririkayo. Yasipopatikana, maji mengine yatumike. Na yakiwa haba, yamiminwe mara tatu juu ya kichwa. Basi desturi ya kumimina si uvumbuzi wa mapadre wavivu. Kanuni ya 854 ya Sheria za Kanisa inakubali njia zote mbili, na Katekisimu inakiri kwamba kuzamisha mara tatu huonyesha kwa uwazi zaidi kufa na kufufuka pamoja na Kristo. Wakristo wa Mashariki huzamisha hata watoto wachanga. Aliyezamishwa ziwani hana upungufu wowote kwa upande wa maji, wala aliyemiminiwa hana. Kwa wenyeji wa Kyela, wanaoona mito ikifurika mashambani msimu wa masika, haihitaji hoja ndefu kueleza kwamba maji huua na maji hayohayo huotesha mpunga.

Suala la Jina ni zito zaidi, na lina historia yake katika ukanda huu. Wazee wa Kinyakyusa wanajua kwamba jina Kyala, ambalo leo Wakristo wote wa huku humwitia Mungu, zamani lilihusishwa na pango takatifu kando ya ziwa, karibu na Ikombe. Wamisionari walilichukua jina hilo na kulitumia katika mahubiri na sala. Walifanya vema, lakini jina peke yake halikutosha. Mtu aliweza kumtaja Kyala maisha yake yote bila kusikia kwamba Mungu mmoja ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Hilo halikutoka pangoni wala katika akili ya mwanadamu. Tulifunuliwa na Kristo.

Mwaka 1891 Wamoraviani walifika Rungwe, na mwaka huohuo Walutheri wa Misioni ya Berlin wakaingia Unyakyusa. Kwa hiyo katika familia nyingi za Kyela babu au bibi alibatizwa na mojawapo ya makanisa hayo, kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo huo kuwa halali. Mmoraviani au Mlutheri anayejiunga nasi habatizwi tena. Hukiri imani, hupokelewa katika ushirika kamili, kisha hupewa Kipaimara na Ekaristi.

Wimbi jingine lilianzia pwani ya magharibi ya ziwa hilihili, upande ambao leo ni Malawi. Mnamo 1908 na 1909 Elliott Kamwana, Mtonga aliyesoma katika misioni ya Kiskoti ya Livingstonia, alihubiri mafundisho ya Watch Tower ya Charles Taze Russell. Inakadiriwa kwamba alibatiza watu wapatao 10,000 katika muda wa miezi michache, kabla ya serikali ya kikoloni kumkamata na kumhamisha. Si vigumu kuelewa kwa nini umati ulimfuata. Misioni ilidai miaka ya mafundisho na mitihani, naye alibatiza mara moja. (Makatekista wanaolalamikiwa kwamba ukatekumeni ni mrefu mno watagundua kwamba lawama hiyo ni ya zamani.) Lakini mafundisho ya Russell yalikataa Utatu. Yalisema kwamba Mwana ni kiumbe, na kwamba Roho Mtakatifu ni nguvu tu, si Nafsi. Mashahidi wa Yehova wanafundisha hivyo hadi leo.

Jirani yako Shahidi wa Yehova atakukumbusha kwamba neno "Utatu" halimo katika Biblia, na kwamba Yesu mwenyewe alisema Baba ni mkuu kuliko yeye. Usione haya kukubali yote mawili. Neno halimo, ila ukweli wake umo: Thoma alimwita Yesu Mfufuka Bwana wake na Mungu wake, naye Yesu hakumkemea. Na Mwana aliyetwaa ubinadamu husema kweli anapojinyenyekeza mbele ya Baba. Ario, padre wa Aleksandria, alitumia hoja za namna hiyo, na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ukamjibu kwa kukiri kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba. Mtakatifu Athanasi akaongeza hoja inayogusa kisima cha ubatizo moja kwa moja: ikiwa Mwana ni kiumbe, basi anayebatizwa anaunganishwa na Mungu pamoja na kiumbe, na kiumbe hakiwezi kumfanya mtu awe mwana wa Mungu.

Kundi la tatu hutuchanganya zaidi, kwa sababu linampenda Yesu kwa dhati na linakiri umungu wake. Ni wale wanaobatiza "kwa jina la Yesu" peke yake, wakisema kwamba Baba, Mwana na Roho ni majina matatu ya Nafsi moja. Fundisho hili lilianza kuenea miongoni mwa Wapentekoste wa Marekani baada ya mkutano wa mwaka 1913 karibu na Los Angeles, na wafuasi wa William Branham wanabatiza vivyo hivyo. Si haki kuwaweka Wapentekoste wote katika kapu moja. Mwaka 1916 kanisa la Assemblies of God lilisimama upande wa Utatu, na wahubiri wa fundisho jipya wakaondoka.

Hoja yao ni Matendo ya Mitume, ambako Petro anawaalika watu wabatizwe kwa jina la Yesu Kristo. Lakini soma sura ya 19. Paulo anakutana na wanafunzi wa Efeso ambao hawajasikia habari za Roho Mtakatifu, na mara anawauliza: basi mlibatizwa kwa ubatizo gani? Swali hilo lina maana tu ikiwa aliyepata ubatizo wa Kikristo asingeweza kukosa kusikia habari za Roho. "Jina la Yesu" katika kitabu hicho linautofautisha ubatizo wa Kristo na ule wa Yohane. Halifuti agizo la Bwana katika Mathayo 28. Tena pale Yordani Mwana yumo majini, Roho anashuka, sauti ya Baba inasikika. Kama ni Nafsi moja, Yesu alimwomba nani Gethsemane?

Turudi kwa yule binti. Kanuni ya 869 inakataza kumbatiza tena, hata kwa sharti, mtu aliyebatizwa katika jumuiya nyingine ya Kikristo, isipokuwa uchunguzi wa maji, maneno na nia uache shaka ya msingi. Maneno matupu hayatoshi: mwaka 2001 Roma ilitamka kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, ingawa wanawataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kwa kuwa wanaelewa kitu kingine kabisa. Aliyebatizwa na Mashahidi wa Yehova, au kwa jina la Yesu peke yake, huingia ukatekumeni na kubatizwa. Aliyebatizwa ziwani na Wapentekoste wa Utatu au na Wasabato habatizwi tena.

Jambo hili linagusa ndoa pia. Mkatoliki anayefunga ndoa na Mkristo aliyebatizwa kihalali katika kanisa jingine anahitaji ruhusa. Anayefunga na mtu asiye na ubatizo halali anahitaji kuondolewa kizuizi na mamlaka ya Kanisa, na bila hilo ndoa yenyewe si halali. Wachumba wanaoficha habari hizi ili kuharakisha arusi wanajenga juu ya mchanga.

Na yule muumini wetu aliyekwisha kuteremka ziwani? Hakupata ubatizo wa pili, kwa sababu hakuna ubatizo wa pili. Alama ya ule wa kwanza haikufutika. Anaporudi, njia yake ni kumwona paroko na kupokea Kitubio.

Kwa wanaojiandaa, msisubiri wiki ya mwisho. Leteni cheti cha ubatizo kutoka kanisa mlikobatizwa. Kama hakipo, mtafuteni mtu mmoja aliyekuwepo siku hiyo, mzazi, msimamizi au jirani, aje aeleze mbele ya paroko mambo mawili: maji yalitumikaje, na mhubiri alitamka maneno gani wakati wa kubatiza. Ushuhuda huo utaandikwa na kutiwa sahihi, na ndipo itakapojulikana kama mhusika atasimama kwenye kisima katika Mkesha wa Pasaka au atakiri imani tu.